Mwanamke wa Bongwe

Mueni tulimzika Jumamosi iliyopita, kwao Bongwe, katika shamba la wazazi wake, na mume wangu alilia mbele za watu. Simlaumu kwa kulia. Mauti yana haki yake, na marehemu alikuwa mtu wa kuliliwa. Lakini mimi nimeolewa na Kassim tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemwona akimzika babake na mamake, na mara zote mbili alisimama wima, akapokea mikono ya watu na kujibu "tumeshapoa" kama inavyotakikana. Jumamosi alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake nzuri, mikono kichwani, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mchungaji alikatiza sala akamtazama. Wanawake wa Kikamba niliokuwa nao upande wa jikoni, tukikatakata kabeji za chakula cha wafiwa, wakaulizana, "Huyo ni ndugu ya marehemu?" Nikawaambia ni mume wangu. Wakaacha kumtazama yeye wakanitazama mimi. Nikaendelea na kabeji yangu. Na pale pale, mimi mwenye mvi na mjukuu, nikasikia kifuani kitu cha zamani kikijinyoosha. Haukuwa ukumbusho wa wivu. Ulikuwa wivu wenyewe, mbichi.

Mwaka ulionifundisha wivu huo ulikuwa wa pili wa ndoa yetu. Tulikuwa tumepanga chumba Ukunda, nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, katika nyumba yenye ukumbi mrefu na milango ya wapangaji ikitazamana, choo na bafu vikiwa uani. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa, kwa hivyo kila mtu alikula chakula chake na kusikiliza cha mwenziwe. Kassim alikuwa fundi wa makuti. Mapaa yale marefu ya mahoteli ya Diani, ambayo wageni huyapiga picha, ni yeye na wenzake waliokuwa wakiyapanda kuyaezeka. Mwanzoni mwa mwaka huo alianguka kutoka paa la baa moja ya ufukweni, akatua kwa mgongo kwenye ukingo wa sakafu. Hospitalini walimchoma sindano za maumivu akalala kama mtoto mchanga. Kisha wakamrudisha nyumbani na vidonge ambavyo havikumfaa kitu. Alikuwa akiuma mto ili majirani wasimsikie. Mwenye baa alikuja kumpa pole mara moja, na mfuko wa mchele, hakuonekana tena.

Aliyeonekana ni Omari, fundi mwenzake. Omari ndiye aliyekuwa ameshika ngazi siku ile, na hakuweza kustahimili kumwona rafiki yake vile. Akaja na msokoto, akasema ni bangi ya dawa, itamlaza. Ilimlaza kweli. Baada ya pafu chache Kassim alilegea uso, akacheka, akaniambia, "Mishi, hakuumi tena." Mimi mwenyewe nilifungua dirisha moshi utoke, nikamshukuru Omari kwa machozi. Hatukujua kwamba ule msokoto ni kile wanachokiita kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, na sikusudii unga wa kupikia. Kassim alipokuja kujua, alikuwa ameshaacha kuuchanganya na bangi.

Yaliyofuata niliyasoma kwa kitabu changu mimi, na kitabu changu kilikuwa na ukurasa mmoja tu: mwanamke. Mume wangu alirudi kazini, kisha akaanza kurudi nyumbani akiwa amechelewa, amesinzia, anajikuna pua, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za mtama. Chakula hakuwa akikitaka. Na mimi mpishi, mtoto wa Vanga, nimelelewa na watu wanaojua samaki! Nilimpikia changu wa kupaka, pweza wa nazi, wali uliochambuka punje kwa punje. Alikuwa akimega matonge mawili, akisukuma sahani, akiomba chai, na chai yenyewe akiitia sukari mpaka kijiko kikasimama. Nilijifukiza udi, nikajitia asumini kichwani, nikavaa kanga mpya. Alikuwa akinipita kama mtu anayepita kabati. Siku moja nikiwa nimekaa kitandani namenya vitunguu, nilimsikia jirani yetu Mama Riziki ng'ambo ya ukuta akimwambia dadake, "Mwanamume asiyekula kwake, ana sahani kwengine." Dadake akacheka. "Na yule mtoto wa watu alivyo mzuri." "Uzuri haufungi mlango, mwenzangu."

Basi nikaanza kumuumba yule mwanamke. Nilimpa rangi ya maji ya kunde, nikampa miguu mizuri kunishinda, kicheko cha chini chini. Nilimpa hata namna yake ya kukuna nazi. Nilikuwa nikinusa mashati ya Kassim nikitafuta manukato yake, nikanusa ndimu na kitu kama siki iliyoungua, nikasema moyoni, huyu hata manukato yake ni ya kishenzi. Sufuria yangu kubwa ilipotoweka niliamini ameipeleka kwake. Pasi ilipotoweka niliona wazi anamtengenezea nyumba. Nilikonda mimi kuliko yeye. Mpaka asubuhi moja Mama Riziki, ambaye alichoka kusubiri nijue mwenyewe, akaniita uani. "Mishi mwanangu, mimi si mpenda maneno. Lakini mumeo anaonekana Bongwe, anaingia kwa mwanamke wa bara, anayevaa suruali. Mueni jina lake. Si mara moja." Nilivaa buibui langu nikatoka, sikumaliza hata chai.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya matofali, anapukuchua mbaazi. Hakuwa na rangi ya maji ya kunde wala miguu mizuri. Alikuwa mwembamba, mrefu, meno ya mbele mawili hana, na mikono yake ilikuwa na makovu meusi kama nyuzi zilizoshonewa chini ya ngozi. Sikupiga hodi.

"Wewe ndiye Mueni?"

"Ni mimi. Na wewe ni bibi ya Kassim." Hakuuliza, alisema. "Nilimwambia akuambie. Akasema atakuambia Ijumaa. Hiyo Ijumaa sijui ni ya mwaka gani."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Ako chumba cha nyuma. Lakini ngoja kwanza, dada, tuongee."

Sikungoja. Nilipita sebuleni, chini ya picha ya Yesu na kalenda ya kanisa, nikasukuma mlango. Kassim alikuwa kwenye godoro sakafuni, beseni la matapishi kando yake, jasho linamtiririka na huku anatetemeka, miguu ikirusha mateke yenyewe kama ya mbuzi aliyechinjwa. Aliponiona aligeukia ukutani. Mueni alikuja nyuma yangu, akapiga magoti, akaishika ile miguu na kuisugua, bila haraka, kama mtu anayejua ulipo kila mfupa. "Sijakuchukulia mume," alisema bila kuniangalia. "Unga ndio umemchukua. Kassim ni teja, vile mimi nilikuwa. Hii unaona ni arosto, mwili unadai. Hii ni mara ya tatu anakuja. Anajaribu, inamshinda, anarudi tena kujaribu."

Ningetakiwa nishukuru kwamba hakuna mwanamke. Watu niliowasimulia baadaye waliniambia hivyo, "Ulishusha pumzi, eh?" Sikushusha. Mara ya tatu! Mara tatu alikuwa amekuja kwenye nyumba hii kueleza siri ambayo mimi, niliyelala mgongo kwa mgongo naye, sikuwa nayo. Mke mwenza ningemweza. Mke mwenza ana zamu yake na chumba chake, na mimi nina changu, na kadhi yupo. Huyu hakutaka mume wangu, na bado alikuwa na sehemu yake ambayo mimi sikupewa. Nilimwambia auachilie mguu wa mume wangu. Nikasema nitamuuguza mwenyewe. Mueni akasimama akajifuta mikono. "Sawa. Lakini usikae naye peke yako, na usikubali marafiki wa kazi waje. Hata kama wanalia." Nikamjibu kwamba kwetu hatuhitaji kufundishwa kuwatunza waume.

Mungu anisamehe, siku zilizofuata, nimeshamrudisha chumbani kwetu Ukunda, nilikuwa na furaha. Mume wangu alikuwa akitapika, akilia, akiniomba nimfungulie mlango, nami nilikuwa nimefunga ufunguo kwenye upindo wa kanga, na nilikuwa na furaha kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Nilimlisha uji wa mchele kijiko kwa kijiko. Nilimsugua miguu kama nilivyomwona yule akifanya, ingawa sikupata mkono wake. Mueni alikuwa akija asubuhi akisimama mlango wa ukumbi na chupa ya supu, akisema, "Namjulia hali tu," nami nilikuwa nikimwambia amelala. Mama Riziki aliona aibu kwa niaba yangu, akimpokea ile supu. Taratibu Kassim akaanza kula. Akanitazama. Akaniambia kanga yangu nzuri. Nikaona mwanamke wa Bongwe nimemshinda. Na Omari alipokuja kumtazama mgonjwa, analia kweli kweli, kwamba yeye ndiye aliyeshika ngazi na yeye ndiye aliyeleta msokoto, nilimkaribisha ndani, nikaenda uani kumtilia chai na mahamri.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, Omari ameshaondoka, Kassim aliomba kuoga. Mueni naye akaja, safari hii si asubuhi. Nilimzuia ukumbini kwa mkono, nikamwambia yote niliyokuwa nayo: kwamba ananifuata nyumbani kwangu, kwamba mwanamke asiye na mume ana kazi gani na waume wa wenziwe. Sikusema polepole. Milango ilifunguka. Yeye alikuwa akinisikiliza, kisha nikaona kwamba hanisikilizi mimi.

"Kassim ako wapi?"

"Anaoga. Na kama unadhani atatoka kukuona—"

"Anaoga na nini? Sisikii maji."

Alinipita. Mlango wa bafu ulikuwa wa bati, aliung'oa kwa bega. Kassim alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, kidevu kifuani, sindano imelala karibu na ndoo, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Hakuwa akipumua. Nilipiga yowe. Mueni alimvuta uani kwa kwapa, akamlaza chali, akamwinua kidevu, akamziba pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mume wangu akapuliza. Kifua cha Kassim kikapanda. Akapuliza tena. Nyumba nzima ilikuwa imesimama uani inatazama, na mimi, nitasema ukweli, wakati mume wangu anakufa mbele yangu, kitu kimoja ndani yangu kilikuwa kinatazama ile midomo miwili. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akainua kichwa, anahema. "Njoo. Nimechoka, njoo wewe. Ziba pua. Puliza pole pole, uangalie kifua." Nikapiga magoti. Mdomo wa Kassim ulikuwa baridi kwa ndani na wenye joto kwa nje, na lile joto lilikuwa lake Mueni. Nikapuliza. Tukapokezana hivyo, mdomo wake, mdomo wangu, wake, wangu, sijui kwa muda gani, mpaka Kassim akakoroma, akavuta pumzi moja ndefu ya kutisha, na baadaye nyingine. Alipofumbua macho, mimi ndiye niliyekuwa nimemwinamia. Akanitazama usoni akasema, "Mueni."

Mueni mwenyewe alikuwa amekaa ukutani anatapika kwa uchovu. Aliponiona nimesimama alisema, "Usimsikilize, hajui yuko wapi." Kisha akanieleza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba mwili uliokaa bila unga husahau kuubeba, na mtu anaporudi na kipimo chake cha zamani ndipo anapokufa. Nilimsikia nusu. Nilikuwa nikisugua sakafu ya bafu, na nyuma ya ndoo nilikuta kete moja ya unga ambayo hakuwahi kuifungua, kinailoni kidogo kimefungwa kwa fundo. Sikuitupa. Niliitia kwenye upindo wa kanga ambamo ulikuwa ufunguo.

Siku iliyofuata nilimpeleka Kassim Bongwe mimi mwenyewe, na nikakaa huko huko, kwa sababu kumwacha nisingeweza. Nililala chumba kimoja na Mueni na mamake mzee. Nilipika. Kulikuwa na wanaume wengine wanne waliokuwa wakijaribu kuacha, na mchana walilima mihogo na Mueni, na jioni tulikula pamoja, githeri yake ya mahindi na maharagwe na samaki wangu. Chakula changu kilisifiwa sana. Lakini mazungumzo hayakuwa yangu. Walikuwa wakizungumza kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini: nani alikufa, nani amefungwa Shimo la Tewa, ile baridi inayoanzia kwenye meno. Mtu mmoja akianza sentensi, Kassim akiimaliza, Mueni akicheka na lile pengo lake, na mimi nikibaki na upawa mkononi. Hata kunihurumia walinihurumia kwa Kiswahili kizuri, cha kumsemesha mgeni.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa jikoni nasugua sufuria, na Kassim na Mueni walikuwa nje wameegemea ukuta huo huo, wanatafuna miwa. Nilimsikia akimwambia, "Unajua kinachonitisha? Si arosto. Ni kwamba ile siku ya kwanza, maumivu yalipoondoka, nilisikia furaha ambayo sijaisikia tena popote. Hata siku ya harusi yangu. Haya nimwambie nani?" Mueni akasema, "Mimi pia. Niliacha mtoto wangu juu ya hiyo furaha. Usimwambie Mishi."

Niliiweka sufuria chini. Niliingia chumbani, nikakaa kwenye kitanda cha Mueni, nikafungua upindo wa kanga, nikafungua lile fundo. Ndani mlikuwa na unga kidogo wa rangi ya udongo, usiotosha kukoleza kikombe cha chai. Huyu ndiye. Huyu ndiye aliyeishinda harusi yangu, na hina yangu mpaka magotini, na mama zangu wa Vanga walioimba mpaka wakakauka koo. Nikafikiri: kama wote wanamjua isipokuwa mimi, basi na nimjue. Sikujua hata anavyotumiwa. Nililowesha ncha ya kidole.

Mueni akaingia. Hakupiga kelele. Aliona kilichokuwa kwenye mapaja yangu, na yule mwanamke aliyeng'oa mlango wa bati kwa bega alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Macho hayakuwa kwangu hata kidogo. "Mishi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Kitoe. Tafadhali. Kitoe hapa, mimi siwezi kukishika. Usiniachie nikishike." Nilikuwa nimemwona miezi yote ile kama mtu aliyevuka. Hakuwa amevuka. Kila siku alikuwa akiamka na hii kiu, akawapikia chai watu wanaonuka hii kiu, akawasugua miguu. Na sasa kiu yake ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuiweka kitandani nikatoka kwenda kumalizia sufuria zangu. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa nayo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na yeye alijua kwamba ninakaa nayo, na alijua kwa nini. Kisha nikainuka, nikapita kando yake, nikaenda chooni nikaimwaga, nikamwaga na maji, na nilipogeuka nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Niliporudi alikuwa amekaa sakafuni. Nikakaa karibu naye, si karibu sana. "Kuanzia leo ufunguo wa nyumba kaa nao wewe," alisema. "Wewe ndiye mzima hapa." Ni kazi niliyoifanya mpaka siku tulipoondoka.

Kassim alitoka Bongwe kabla ya mvua za vuli. Alirudi kwenye unga mara moja tena, mwaka uliofuata, akarejea mwenyewe, na tangu hapo, kwa rehema za Mola, hajagusa. Tulihamia Msambweni kwao. Mapaa hapandi, anashona makuti chini, na vijana ndio wanaopanda. Omari tulimzika yeye, na kati ya wale wanaume wanne wa Bongwe tulizika wawili. Mueni ini ndilo lililomuua, ugonjwa alioupata kwa sindano za kuazimana enzi zake, ukamkalia kimya miaka yote hiyo. Mimi na yeye hatukuwa marafiki kamwe, ingawa tulisalimiana kila Idi na kila Krismasi na tulijua mengi. Mume wangu alikuwa akienda kumwona kila alipozidiwa na dunia, anarudi mwepesi, na mimi nilikuwa nikimwandalia chakula bila kumuuliza.

Juzi asubuhi nilimkuta amekaa kibarazani, hajagusa makuti wala chai. Aliniambia bila kuinua uso, "Sasa sijui nitazungumza na nani."

Nilisikia kile kitu cha zamani kikijinyoosha tena. Nikamuuliza, "Na mimi je?"

"Wewe nilitaka usiyajue. Nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo hayo hayakufika."

Miaka yote hiyo nilidhani amempa Mueni kilicho bora na mimi nimebakishiwa makapi, na kumbe yeye alihesabu kinyume. Labda ni kweli. Haikunipoza. Niliketi kando yake kwenye mkeka, nikamwambia, "Kassim, mimi nimekupulizia pumzi yangu mdomoni. Hakuna mahali ambapo hayo hayakufika. Nieleze."

Kisha akaanza, akakwama, akaanza tena, mpaka jua likawa la adhuhuri. Kila mara alikuwa akilitaja jina la Mueni, nami sikumkatiza.